Vitanda Kumi na Kimoja

Tarehe 9 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba masikio yako hayajazidi ubishi. Mama aliniambia kwenye simu kuwa juzi alikugongea mlango mpaka jirani wa pili akatoka, kumbe wewe umekaa ndani unakunywa chai. Ndiyo maana nakuandikia. Kukupigia simu ni sawa na kuwasalimia majirani.

Mimi ni mzima wa mwili. Chumba nilichohamia kina dirisha linalotazama ukuta, lakini maji hayakatiki, kwa hiyo silalamiki. Mama anasema goti lake linamsumbua akipanda ngazi. Mwambie asipande na ndoo.

Uliniuliza ile bodi ninayoichora inabeba nini hasa. Inabeba kompyuta, mjomba. Siku hizi kuna kompyuta nzima inayouzwa kama kadi, haizidi ukubwa wa kiberiti. Akili zote inazo, lakini haina pa kuchomeka hata waya mmoja. Wenyewe tunaiita moduli. Kazi yangu ni kuchora bodi ya kuibeba: moduli inakaa juu, bodi inaipa umeme na kuiunganisha na kioo, vipimajoto na hita. Na hiyo hita ni ya kitanda cha joto cha watoto njiti. Vitanda kumi na kimoja vyenye bodi yangu viko hospitali tangu mwezi uliopita. Siku vilipopakiwa kwenye gari nilitamani ungeniona.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Jumanne mchana nilikuwa nakula karanga mezani kwangu karakana, kitanda cha majaribio kiko pembeni kinafanya kazi. Kioo kilisema nyuzi thelathini na sita na nusu. Niliweka kiganja juu ya godoro ili niinuke, nikakitoa mbio. Nikachukua kipimajoto cha mkononi: arobaini na tatu. Kioo bado kinasema thelathini na sita na nusu, kimetulia tuli.

Nilizima, nikawasha, kikawa kizima. Nimekiangalia siku nne hakijarudia. Sijamwambia mtu. Mjomba, wewe umetengeneza redio miaka mingapi? Ugonjwa unaojificha fundi anapoangalia hutafutwaje?

Mpwa wako,
Waya


Tarehe 2 Machi

Mpwa wangu Waya,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na nane kufika. Nadhani ilikuja kwa miguu.

Mama yako hajambo. Nimemwambia habari ya ndoo, akaniuliza basi nani atazipandisha, mimi? Tangu hapo nazipandisha mimi. Ahsante sana kwa ushauri wako. Bati la jikoni kwangu limeng'oka upande mmoja, likipigwa na upepo jirani wanasema linanguruma kama lori. Mimi silisikii, nalala vizuri.

Hiyo bodi yako nimeielewa. Ni mbeleko. Mtoto ana akili kuliko mama, lakini mama akilegeza fundo wote wanaanguka.

Ugonjwa unaojificha hautafutwi kwa kuubembeleza. Utese. Mpe mgonjwa umeme mdogo kuliko anaoutaka, halafu mwongezee ghafla. Mpashe joto, mpulizie baridi. Mgongegonge kwa mpini wa bisibisi. Redio nyingi ziliugua kwa sababu umeme wa mtaani ulikuwa unayumba, na mwenye redio anapoileta kwangu umeme umetulia, tunaonekana wote waongo.

Hivi hivyo vitanda vingine kumi na kimoja, vina watoto ndani sasa hivi?

Bati nitalipigilia Jumamosi.

Mjomba wako


Tarehe 14 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi, leo salamu zangu ni fupi.

Nimeutesa kama ulivyosema, na ugonjwa umejitokeza. Umeme ukiyumba kidogo tu, kama mtu amewasha pasi chumba cha pili, moduli inazimia. Haizimiki kabisa, inakwama katikati ya kuamka. Kioo kina kumbukumbu yake, kwa hiyo kinaendelea kuonyesha namba ya mwisho. Na ile pini ya moduli inayoamrisha hita, moduli ikiwa imezimia, haiwi sifuri kama nilivyodhani. Inapanda yenyewe. Hita inasoma: washa. Inawaka bila mtu wa kuizima. Ndani kuna fyuzi ya joto, ndiyo, lakini ile inalinda nyumba isiungue. Ngozi ya mtoto haiijui.

Dawa yake ni rezista moja ya kuivuta ile pini chini hadi sifuri, ndogo kama punje ya sukari. Kwenye mchoro wangu wa kwanza ilikuwepo. Kwenye wa pili nilihitaji nafasi ya kuhamishia soketi ya kioo, nikaitoa. Mimi mwenyewe. Nimekuta tarehe na saa. Nakumbuka hata nilichokuwa nafikiria: kwamba programu itashughulikia.

Nilimwendea Meneja asubuhi ileile niliyoligundua hili.

"Imetokea hospitali?" akaniuliza.

"Sijui. Imetokea kwangu."

"Basi haijatokea. Miwani atarekebisha kwenye programu, tutaituma kimyakimya."

Miwani ndiye mwandishi wetu wa programu. Alikuwa amekaa palepale, akatazama viatu vyake. Nikasema, "Programu haiwezi kurekebisha kitu kinachotokea wakati programu imezimia."

Meneja akafunga mlango. Akaniambia kwa sauti ya upole, na upole wake ndio ulionitisha, "Jina kwenye mchoro ni la nani?"

Ni langu, mjomba.

Tangu siku hiyo simu ikilia nasubiri mtu mwingine aipokee. Nikipita karibu na mtoto mgongoni kwa mama yake naangalia pembeni. Nimeandika barua ya kuionya hospitali, iko kwenye droo. Kila asubuhi naichukua, kila jioni nairudisha. Nauwaza mkono wa marehemu baba uliokatwa na mashine, na ule mkono mtupu wa shati aliokuwa anaukunja na kuubana kwa pini. Alikuwa akisema mashine haina shemeji. Wewe ulikuwepo kiwandani siku ile. Niambie nifanye nini.

Waya


Tarehe 30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako limepata nafuu. Bati nimelipigilia. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo na ukuta wa nyuma umeota ukungu.

Juu ya jambo lako sina la kusema. Wewe umesoma, mimi sikusoma. Wakubwa wako wanajua zaidi. Muombe Mungu.

Mjomba wako


Tarehe 5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako imefika. Nimeisoma mara nne nikitafuta ukurasa wa pili. Miaka yote wewe ndiye uliyenishika mkono. Nilipoungua kidole kwa risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, nikiwa na miaka tisa, ulinipulizia huku unaniambia niseme nilichokosea kabla sijalia. Leo nimekosea kuliko siku zote, nawe unanieleza ukungu.

Miwani ametuma programu yake. Nimeijaribu: nimeyumbisha umeme mara ishirini, hita imejiwasha mara sita. Jana Meneja alituletea sote soda, akatupongeza.

Jana pia simu ya hospitali ililia mezani kwa karani. Nikakimbilia chooni. Walikuwa wanauliza kama tunauza magodoro ya akiba. Nilikaa mle chooni mpaka karani akaja kugonga akidhani nimezimia.

Kama umenikasirikia, sema. Kama unaogopa kunishauri, sema hivyo pia. Barua bado iko kwenye droo.

Waya


Tarehe 16 Aprili

Waya,

Marahaba. Mama yako hajambo. Mengine hayana haja.

Nilianza barua hii mara tano. Ukinichukia ukiimaliza, utakuwa na haki.

Unajua kwamba baba yako aliendesha mashine ya kukandamiza marobota, na mimi nilikuwa fundi umeme wa kiwanda. Mashine ile ilikuwa na lango la chuma, na lango lilikuwa na swichi: ukilifungua, mashine inakufa. Swichi ilichakaa. Mashine ikawa inakufa hata lango likiwa limefungwa, mara kumi kwa siku, na msimamizi ananifokea mbele za watu. Alhamisi moja nikakata kipande cha waya, kirefu kama kidole, nikairuka ile swichi, mashine ifanye kazi hata lango likiwa wazi. Nikajiambia ni mpaka Jumatatu, swichi mpya ikifika. Sikumwambia mtu. Niliona haya kuulizwa kwa nini sikuagiza mapema.

Jumamosi asubuhi gunia lilikwama. Baba yako akafungua lango, kama alivyozoea, akijua mashine imekufa. Akaingiza mkono.

Nilisikia kelele nikiwa karakana. Siku hizo nilikuwa nasikia. Watu wote walimkimbilia yeye. Mimi, Waya, nilikimbilia kwanza kwenye sanduku la umeme. Nikaung'oa ule waya, nikautia mfukoni. Ndipo nikaenda kumfunga damu kwa mkanda wangu.

Wakaja wakaguzi. Wakaandika: swichi mbovu, uchakavu. Mimi nikatikisa kichwa pamoja nao. Baba yako alipotoka hospitali alinishika bega kwa mkono uliobaki akasema, "Shemeji, bila wewe ningekwisha." Alinishukuru hivyo kila mwaka mpaka tunamzika. Na kila mara nilikula chakula chake nikanyamaza. Ule msemo wake kwamba mashine haina shemeji, aliusema mbele yangu akicheka.

Nilikufundisha kazi kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumlipa.

Uliponiandikia kuhusu ile rezista, nilijua kabla sijamaliza ukurasa. Nikaogopa kwamba nikikushauri ukweli utaniuliza nimeujulia wapi. Kwa hiyo nikakuandikia ukungu. Umepoteza mwezi mzima kwa woga wangu, na watoto wa watu wamelala humo ndani.

Unalo jambo moja ambalo mimi sikulipata. Wewe bado uko Ijumaa.

Usingoje barua nyingine kutoka kwangu. Iache hii mezani, uende.

Mjomba wako


Tarehe 2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama sijamwambia neno. Hilo ni lako.

Mengine juu ya baba siwezi kuyaandika leo. Nimeyaweka mahali, nitayarudia.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na nne, saa nne asubuhi. Niliisoma nimesimama mlangoni karakana. Sikurudi ndani hata kuchukua mkoba. Barua ya kwenye droo niliiacha hukohuko, maana nilijua nikigusa ile droo nitaifunga tena. Nilikwenda hospitali kwa miguu, nusu natembea nusu nakimbia, na njiani kote nilikuwa nikitamani wanizuie getini.

Hawakunizuia. Wodi ni chumba kirefu, kina joto, kimepakwa rangi ya kijani mpaka kifuani. Vitanda vyangu vimejipanga pande mbili, vioo vinawaka: thelathini na sita na nusu, thelathini na sita nukta sita. Vyote vinasema salama. Muuguzi wa zamu ni mwanamke mfupi, kalamu tatu zimechomekwa kwenye nywele.

"Mimi ndiye niliyechora bodi iliyo ndani ya hivi," nikamwambia. "Naomba uvizime. Vyote."

"Kuna watoto saba ndani."

"Najua. Kioo kinaweza kusema uongo na hita ikawaka yenyewe. Nimeiona kwa macho yangu."

Nilitegemea aniite kichaa, au aite mlinzi. Badala yake alitembea mpaka kitanda cha nne, akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Hiki," akasema. "Wiki tatu zilizopita. Nilimkuta mtoto mwekundu kama pilipili, kioo kinasema sawa. Niling'oa waya ukutani. Nilidhani nimebonyeza kitu vibaya. Sikuandika popote."

"Mtoto?"

"Mgongo ulibabuka. Yu hai. Ni yule pale."

Nilikaa sakafuni palepale katikati ya wodi. Yeye ndiye aliyeniinua. Akaniambia, "Utalia baadaye, sasa hivi nisaidie." Wakaitwa mama zao, kila mmoja akafunguliwa blauzi, mtoto akawekwa kifuani ngozi kwa ngozi na kufungwa shuka. Mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa nyuma nang'oa waya ukutani. Nilihesabu kwa sauti mpaka kumi na moja, na vioo vikazimika.

Yule wa kitanda cha nne ni msichana, mdogo kuliko kiganja na nusu. Nilikwenda kwa mama yake nikamwambia kosa ni langu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamvuta mtoto karibu, akamfunika vizuri, akaniambia, "Ondoka mbele yangu." Nikaondoka.

Daktari mkuu aliniandikisha maelezo, na muuguzi akaandika yake, karatasi mbili pande zote. Meneja alinipigia jioni. Alisema neno moja: "Umetuua." Kesho yake karakana ilifungwa na wakaguzi. Nimesimamishwa kazi. Nimeitwa mbele yao tarehe kumi na tisa. Sijui wataniuliza nini, ila najua nitajibu nini.

Waya


Tarehe 23 Mei

Mpwa wangu Waya,

Marahaba. Sijui umewaambia nini hao wakaguzi na wamekuambia nini. Nimehesabu siku. Niandikie hata mstari mmoja.

Nilikwenda kwa dada yangu Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Alikuwa anachambua mchele. Aliponiona nimevaa shati la kutokea akauliza kuna msiba gani. Nikamwambia aniache nikae kwanza. Nikamweleza tangu Alhamisi ile mpaka Jumamosi, na waya, na mfuko. Sikuruka kitu.

Mkono wake ulisimama kwenye ungo. Midomo yake ilitamka neno, nami sikulisikia. Nikamwambia, "Dada, sikusikia." Akalisema tena kwa nguvu, na jirani wa pili akatoka nje.

Alisema, "Toka."

Sasa ni wiki. Ndoo zake anazipandisha mwenyewe kwa goti lile. Nikimsogelea anapita upande wa pili wa njia. Nimeogopa vitu vingi maishani, mpwa wangu, lakini kukaa kwenye nyumba usiyosikia kitu, ukiutazama mlango kwa sababu mtu akigonga hutajua, hofu hiyo sikuwa naijua.

Sijutii kusema. Najuta kuwa sikuenda akiwa hai yule niliyepaswa kumwambia.

Mjomba wako


Tarehe 11 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nimeanza tena kula.

Wakaguzi walikuwa watatu. Yule wa katikati alinisomea tarehe na saa niliyoitoa rezista, akaniuliza, "Ulijua ni ya nini?" Nikasema nilijua. Akaniuliza nilikaa na siri siku ngapi. Nikamwambia: tangu niione hitilafu, siku sabini na tisa. Aliandika namba ile polepole. Halafu mlango ukafunguliwa, akaingia Miwani na bahasha. Kumbe programu yake ilikuwa inaandika kila mara moduli inapozimia na kumtumia orodha. Moduli za hospitali pekee zilikuwa zimezimia mara mia mbili na tatu, naye aliziona tangu Machi. Alizisoma zote kwa sauti. Alipomaliza hakukaa karibu na Meneja.

Hukumu ni hii: Meneja ameondolewa. Mimi nimepewa onyo la maandishi litakalokaa kwenye jalada langu maisha yote, na nimeamriwa nichore bodi upya chini ya mhandisi mwingine, mama mmoja mkali asiyecheka. Rezista imerudi. Pamoja nayo tumeweka swichi ya joto inayojitegemea, isiyoiuliza moduli kitu chochote. Jana tulijaribu. Yule mama aliniamuru niing'oe moduli kabisa katikati ya kazi, akaniambia niweke kiganja juu ya godoro na nisikitoe. Nilikaa hivyo dakika arobaini. Godoro likapoa. Mkono wangu ulikuwa umelowa jasho, na akasema tutafanya hivyo mara mia kabla kitanda kimoja hakijatoka mlangoni. Nikashukuru. Sitaki tena kuamini kitu upesi.

Muuguzi amenitumia salamu. Yule msichana wa kitanda cha nne ameruhusiwa kwenda nyumbani. Kovu litabaki.

Juu ya baba: nimekukasirikia, mjomba. Kuna siku nimekusema vibaya peke yangu kwa sauti. Na kuna siku nawaza kwamba usingeandika ile barua, mimi ningekuwa bado naifunga droo. Vyote viwili vimo ndani yangu, sijui kipi kitatangulia nikikuona. Nitakuja Agosti, utakiona mwenyewe.

Jana jioni mama alinipigia. Aliongea kuhusu goti, mvua, bei ya sabuni. Mwisho kabisa akasema, "Mwambie mjomba wako redio yangu inakoroma. Mafundi wengine siwaamini."

Nikamuuliza, "Mama, umemsamehe?"

Akasema, "Mimi nimesema redio," akakata simu.

Nenda, mjomba. Nenda mchana, na usiingie moja kwa moja kama zamani. Gonga, usubiri afungue yeye.

Mpwa wako,
Waya